Lulu Alizozivaa Mama

Uzi ulikatika kwenye ngazi za umeme, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jengo zima la maduka likiwa limefurika watu. Kwanza ilidondoka moja, ikagonga chuma, tak! Kisha zote zikafuata. Lulu zikarukaruka ngazi kwa ngazi, zikapenya kati ya viatu vya watu, na mwenye nazo, msichana mrefu aliyevaa gauni la rangi ya damu ya mzee lililoacha mabega wazi, akabaki ameishika shingo yake kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Jamani, msikanyage! Nawaombeni msikanyage!"

Mwisho wa mwezi watu hawana masikio. Aliyesikia ni mmoja tu, kijana mwenye kibanda cha vioo pale chini ya ngazi, ambaye alikuwa anambadilishia mteja betri ya saa. Aliiacha saa wazi, akatoka mbio, akavua koti lake la kazi na kulitandaza sakafuni pale ngazi zinapoishia. Lulu zikawa zinashuka na kuingia kotini kama kuku wanaorudi bandani.

"Dada, shuka taratibu," alimwambia. "Hizi zinajileta zenyewe. Angalia tu na wewe usije ukanijia kwa kubingirika."

"Unacheka! Mwenzio nimekwisha!"

"Sicheki. Ndivyo sura yangu ilivyo."

Pamoja na hofu aliyokuwa nayo, msichana akacheka. Wakapiga magoti wote wawili, yeye na gauni lake la harusini, kijana na shati lake la mikono iliyokunjwa, wakaokota hadi chini ya benchi na nyuma ya pipa la taka. Mteja wa saa naye, badala ya kukasirika, akaokota mbili.

Kijana yule alikuwa sonara. Alitengeneza mikufu iliyokatika, alipanua pete zilizobana, na kwa wale waliorithi vito vya wazee wao aliwapimia umri wa vito hivyo na kuwaambia kama ni vya kweli au vya kuigiza. Msichana alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, aliyepita dukani mara moja kununua zawadi kabla ya kwenda kwenye harusi ya mwalimu mwenzake.

"Ni za mama," alisema akikwepa macho ya sonara. "Marehemu baba alimvalisha siku ya ndoa yao. Nimeziazima."

"Kwa ruhusa?"

"Kwa nia njema."

"Ala! Basi huo ni mtihani, Mwalimu." Sonara alizikusanya kwenye kitambaa cha mahameli. "Niachie. Nitazitunga upya kwa uzi wa hariri, na kila moja nitaifungia fundo lake, ili siku nyingine uzi ukikatika idondoke moja tu. Njoo Jumatatu."

"Na ukitoroka nazo?"

"Nitoroke niende wapi? Kibanda chenyewe kimefungwa nati sakafuni."

"Nitakufuata, mwizi wewe, hata uingie shimoni."

"Kumbe? Basi ngoja nitoroke," alisema sonara, "ili nifuatwe."

Msichana akaenda harusini shingo tupu, na watu waliomwona siku ile walishangaa kwa nini mwalimu yule anatabasamu peke yake.

Sonara alipobaki peke yake alizichukua lulu zile moja moja. Aliipitisha ya kwanza kwenye ncha ya meno yake. Lulu ya kweli hukwaruza, kama mchanga mwembamba sana. Hii iliteleza kama glasi. Akajaribu ya pili, ya tatu, ya nne. Akavaa miwani yake ya kukuzia, akachungulia matundu ya kupitishia uzi. Pembeni mwa kila tundu rangi ilikuwa imebanduka vipande vipande, na chini yake ilionekana kioo cheupe, kitupu. Alipofika ile kubwa ya katikati, meno yakakwaruza. Moja hiyo tu ndiyo ilitoka ndani ya chaza. Nyingine zote zilikuwa bandia.

Alizitunga upya zote, kila moja na fundo lake. Lakini hakujua Jumatatu amwambie nini msichana.

Bahati, au labda si bahati, Jumatatu hakuja binti. Alikuja mama. Alikuwa mfupi, mwenye gauni la kijivu lililopigwa pasi ikanyooka, amekumbatia pochi kifuani kama aliyebeba mtoto.

"Wewe ndiye sonara uliyeziokota lulu zangu?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu hajui kuficha. Alirudi akaniambia gauni lile halikuhitaji mkufu. Nikamtazama tu, akamwaga yote." Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Umeziangalia?"

"Nimeziangalia."

"Umemwambia?"

"Bado, mama. Sijui nianzie wapi."

Mama akashusha pumzi. Akaiweka pochi mapajani.

"Zilikuwa za kweli zote. Mume wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, alizinunua mbali. Kisha akaugua. Figo. Ugonjwa unaokula mtu na unaokula nyumba. Nilianza na mbili, zile za kisogoni ambazo hazionekani. Nikaziuza, nikatunga za kioo mahali pake. Miezi ikaenda, nikauza nyingine. Kila nilipokwenda kumwona hospitalini nilizivaa, maana alikuwa akinitazama shingoni kwanza. Akiziona, anatulia. Anasema, 'Kama lulu bado zipo, basi hatujafilisika.' Alikufa anaamini hivyo."

Sonara akamsogezea mkufu mezani.

"Na huyu binti, alikuwa mdogo, amepanda kitandani kwa baba yake. Baba akamwambia, 'Hizi zitakuwa zako siku ukiolewa.' Mpaka leo anangoja. Nimwambie nini? Kwamba baba yake alikufa akiahidi hewa?"

"Angekuelewa, mama."

"Najua atanielewa. Nitamwambia. Lakini kwa mdomo wangu, siku yake ikifika. Wewe usimwambie. Niahidi."

"Nakuahidi, mama."

Ilikuwa ahadi nyepesi kwa sababu wakati ule alidhani hatamwona tena yule msichana. Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, simu yake ikaita.

"Halo, mwizi."

"Mwalimu! Namba umeipata wapi?"

"Imeandikwa kwenye kibanda chako kwa herufi kubwa kama za mabango ya uchaguzi. Nimepiga kukushukuru. Mama amesema una adabu. Hajawahi kumsema hivyo mwanamume yeyote, hata kaka yangu."

"Basi nishukuru kwa kunywa kahawa nami."

"Kahawa tu?"

"Na hesabu. Nilikuwa naanguka hesabu, nifundishe."

Wakanywa kahawa. Wakanywa tena. Ikawa kila akitoka shuleni anapitia kibandani na rundo la madaftari, anasahihisha kwenye kona ya meza huku mwenzake akichomelea pete. Watu wa maduka ya jirani wakamzoea, wakawa wanamwita shemeji kabla hata hajaposwa. Yeye alimwita "mwizi wangu". Sonara alimwita Mwalimu, na siku za mapenzi mengi, "hesabu yangu ngumu".

"Ngumu kwa nini?"

"Kila nikikupiga, jibu linatoka tofauti."

"Kwa sababu hukufuata kanuni. Anza na mabano."

"Mabano ndiyo nini?"

"Nikumbatie kwanza, mjinga wewe."

Jambo moja tu lilimkaa sonara kooni. Siku moja, wakiwa wameketi kwenye bustani iliyo nyuma ya jengo lile, msichana alimuuliza ghafla:

"Hebu niambie, wewe ni mjuzi. Lulu za mama ni za thamani?"

"Ni za zamani," sonara alisema. "Na mama yako anazipenda sana."

"Hilo si jibu."

"Ndilo jibu nililo nalo, mpenzi."

Msichana akacheka, akamlalia begani. Alisikia alichotaka kusikia. Jioni ile sonara alikwenda kumwona mama, akamsihi. Mama akamshika mkono. "Vumilia kidogo. Si unakuja na wazee wako Jumapili ijayo kuleta posa? Siku hiyo hiyo, wageni wakishaondoka, nitamwambia mbele yako. Halafu atalia, halafu utamfuta machozi. Kazi yako hiyo sasa."

Ijumaa, mama akaanguka jikoni. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa, na ulimi nao ukalala. Alipozinduka hospitalini alikuwa anawatambua wote na anayasikia yote, ila kilichotoka kinywani kilikuwa mlio tu, kama wa mtu anayeita kutoka ndani ya kisima.

Posa ikaahirishwa. Kaka mtu, aliyekuwa meneja wa ghala katika mji mwingine, akaja na kushika usukani. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na huruma kubwa, na vyote viwili vilitoka kwa pamoja. Madaktari waliposema kuna kituo cha mazoezi ambako mama angeweza kufundishwa kusema upya, kaka hakusita. "Lulu zile ziuzwe. Mama akipona tutamnunulia nyingine." Dada mtu alikubali huku analia. Kaka akazipeleka kwenye duka kubwa la vito katikati ya mji.

Alirudi uso umemvimba kwa hasira.

"Kioo! Wamenicheka! Lulu ya kweli iko moja, nyingine zote ni kioo! Sasa niambie, mtu wa mwisho kuzifungua na kuzitunga ni nani?"



Kaka na dada waliingia pale kibandani mchana, jengo limejaa. Kaka alianza kupiga kelele kabla hajafika. "Mwizi! Umemwibia mjane! Umemwibia mgonjwa!" Watu wakasogea. Walewale waliozoea kusema shemeji wakasimama milangoni mwa maduka yao, mikono kifuani.

Msichana alimzuia kaka yake kwa mkono. Alikuwa amevaa nguo zake za kazini, sketi nyeusi na blauzi nyeupe, na vumbi la chaki lilikuwa bado kwenye vidole vyake.

"Niambie wewe mwenyewe," alimwambia sonara. "Ulijua ni za bandia?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Nilizikuta hivyo. Sikubadilisha hata moja, naapa."

"Ulizikuta hivyo? Na mimi nikakuuliza, kwa mdomo wangu, ukaniambia ni za zamani?"

"Nilimwahidi mtu nisiseme."

"Nani?"

Sonara akafungua mdomo. Akamwona mama akilini, amelala, nusu ya uso imeshuka. Kumtaja pale, mbele ya umati, mwanamke ambaye hawezi kusema ndiyo wala hapana? Na kaka mtu, kana kwamba ameyasoma mawazo hayo, akadakia, "Thubutu kumsingizia mama yangu! Umengoja awe bubu ndipo umfanye shahidi!"



"Nani?" msichana akarudia. Sauti ilikuwa ndogo sasa. "Nitajie jina tu, nitakuamini. Nakusihi."

"Ngoja mama apate nafuu, Mwalimu. Nakuomba hilo tu. Ngoja."

"Nilikuwa nakuita mwizi," msichana alisema, "nikidhani natania."

Wakaondoka.

Sonara alikwenda hospitalini, si kujitetea bali kumwomba mama ruhusa. Angemuuliza tu, niseme? Na mama angefumba macho kumwitikia. Kaka alimkuta kwenye korido, akamshika ukosi, akamsukuma hadi nje. Alipokwenda tena, mlinzi alikuwa amekwishapewa maelezo.

Siku hiyo ya pili, mlango wa wodi ulikuwa wazi. Mama aliisikia sauti yake kule nje, akasikia na neno aliloitwa. Mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, ukainuka ukaenda shingoni. Ukapapasa pale lulu zilipokuwa zikikaa. Kisha ukamwelekea binti yake, ukarudi kifuani kwake mwenyewe, ukagonga, ukagonga, na mlio ukamtoka kinywani.

"Najua, mama," binti alisema, akiubana mkono ule. "Najua zinakuuma. Tulia. Tutamfunga, tutazipata zote."

Machozi yakamtiririka mama, yakaingia masikioni. Binti akayafuta. Kadiri alivyomfariji ndivyo mama alivyozidi kulia, mpaka muuguzi akaja na sindano ya usingizi.

Hakupata kusema tena. Alifariki wiki ile, mchana, mvua inanyesha, binti yake ametoka kwenda kumtafutia uji.

Maziko yakapita. Kwa wakati huo mwenye jengo alikuwa amekwishamwondoa sonara. Hakutaka kibanda chenye jina baya. Nati zikafunguliwa sakafuni. Mahali pale pakawekwa mashine ya kuuzia soda.

Kaka akasema, kesi iende polisi. Lakini polisi walitaka maneno ya mtaalamu, kwamba lulu zilikuwa hivi na zimefanywa hivi. Basi msichana akazichukua, akiwa amevaa nguo nyeusi, akaenda kwenye lile duka kubwa. Alipokewa na mthamini wao, mwanamke mtu mzima mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, ambaye hakuwa na haraka. Aliutandaza mkufu chini ya taa, akawasha mashine ya kukuzia, akazitazama lulu moja moja.

"Unataka niandike nini, mwanangu?"

"Kwamba ni bandia. Kwamba mtu alizibadilisha mwaka huu, alipozitunga upya."

"Bandia nitaandika. Mwaka huu siwezi." Akamsogezea kioo. "Njoo uone. Uzi ni mpya, naam, na aliyefunga mafundo haya ni fundi safi. Lakini tazama tundu hili. Unaona midomo yake ilivyolika? Hapo uzi umesugua miaka na miaka. Ukinunua bandia mpya, tundu lake ni kali, linakata. Sasa tazama hizi za kisogoni. Rangi imekuwa ya njano, imelainika. Hilo ni jasho na manukato, mtu amezivaa mwilini muda mrefu. Na rangi ya namna hii viwanda viliiacha zamani. Za mbele kidogo ni za mkupuo mwingine, wa baadaye."

"Baadaye lini?"

"Kwa makadirio yangu? Zilianza kubadilishwa wewe ukiwa mtoto mdogo. Nyuma kwanza, kisha mbele, kidogo kidogo. Mwizi hafanyi hivyo. Mwizi huchukua zote." Akazima mashine. "Aliyefanya hivi alikuwa anavaa huku anauza. Huyo unayemshitaki ana umri gani?"

Msichana akajikuta tena utotoni. Alikuwa amekaa juu ya kitanda cha hospitali, mtoto mdogo, miguu haifiki chini, na baba yake anacheka na kumnyooshea kidole mama: lulu bado zipo. Kisha akauona ule mkono wa kushoto ukigonga kifua. Mimi. Mimi. Mimi.

Alilia mle dukani mpaka mthamini akafunga mlango na kumketisha.

Simu ya sonara iliita mara nyingi kabla hajapokea.

"Halo."

"Ni mimi."

Nyuma yake zilisikika nyundo ndogo, tik, tik, za karakana fulani.

"Nimejua," msichana alisema. "Ni mama. Uliyemwahidi ni mama."

"Pole kwa msiba," sonara alisema. "Nilisikia baada ya wiki. Sikuweza kuja."

"Uko wapi? Nitakuja sasa hivi. Nitapiga magoti."

"Usije. Nitakuja mimi. Sikumzika mama. Nipeleke alipolala, hilo tu."

Alikuja Jumamosi, kwa basi, safari ya nusu siku kutoka mji alikopata kazi. Alikuwa amekonda. Shati lake la bluu lilikuwa limepwaya mabegani. Hawakukumbatiana. Msichana alisema, "Shukrani kwa kuja," naye akasema, "Haya," kama watu wanaojuana kwa mbali. Kaka mtu alikuwa amesimama kwenye lango la makaburi. Alitaka kusema kitu, sauti yake kubwa ikamkataa. Akatoa mkono. Sonara akaupokea.

Kaburi lilikuwa bado udongo mtupu, halijajengewa. Sonara akachuchumaa. Akaondoa majani makavu. Kisha akazungumza kwa sauti ya kawaida, kama aliyeketi kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama. Nimekuja, nilichelewa. Binti yako amejua yote, wala hana kinyongo nawe. Na mimi sikufungwa, mama. Nipo, nakula, nina kazi. Hakuna aliyeumia kwa ajili yako. Basi pumzika. Usihangaike tena kusema."

Msichana aliziba uso. Alikuwa ameyabeba peke yake tangu dukani: kwamba mama yake alikufa anawaona wakimtesa mtu asiye na kosa, na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa anamfuta machozi bila kumsikia. Alilia akiwa amesimama. Sonara hakumshika, lakini hakuondoka.

Walipotoka langoni, msichana akauliza, "Utanisamehe?"

"Nilishakusamehe. Ningekuwa na hasira nisingepokea simu."

"Basi rudi."

"Mwalimu, mimi ni mtu wa kunyamaza. Ndivyo nilivyo. Kuna siku nitanyamaza tena, kwa jambo jingine, na nitaanza kujiuliza wewe unaniona nani. Sijui kama naweza kuishi na hofu hiyo. Na wewe, ukiniangalia, unamwona nani?"

"Mama," alisema kwa kunong'ona. "Mkono wake."

"Unaona?"

Msichana akamsindikiza hadi stendi. Wakakaa kwenye benchi la saruji, kati yao pana nafasi ya mtu mmoja, wakaangalia wapakiaji wakifunga mizigo juu ya mabasi. Msichana aliuliza karakana ikoje. Sonara alisema mwenyeji wake ni mzee mmoja mbishi, anayebishana na redio. Msichana alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba, akajionea haya.

Kondakta akapiga ubavu wa basi. Sonara akasimama, akapanda ngazi moja, akageuka.

"Jumamosi huwa tunafunga mapema," alisema. "Kama utakuwa na nafasi."

"Nitakuja."

"Lakini usije kuomba radhi. Hizo zimetosha."

"Nije na nini?"

Alifikiri. Watu walikuwa wanamsukuma nyuma waingie.

"Njoo na madaftari yako," alisema. "Usahihishe. Mimi nitakuwa nafanya kazi yangu. Tuone."

Basi likaondoka. Msichana alibaki stendi hadi lilipokata kona, kisha akarudi nyumbani kwa miguu, kwenye nyumba ambayo hakuna wa kumfungulia mlango.